Naomba ushauri: kipindi kimoja cha kumfundisha farasi kichukue muda gani?

Mlezi_Mpya:
Wakuu, salaam. Ninamfundisha farasi jike kubeba mpandaji, na nimekwama kwenye jambo moja ambalo linaninyima usingizi: kila kipindi kinapaswa kuchukua muda gani? Kwa sasa tunafanya kazi saa moja na robo, siku sita kwa wiki. Mwanzoni anakwenda vizuri sana. Anasikia mguu wangu, anageuka kulia na kushoto, na anasimama nikivuta hatamu kidogo tu. Tukikaribia nusu saa anabadilika: masikio yanalala nyuma, mkia unapigapiga, na lile alilolifanya vizuri awali anakuwa kana kwamba hajapata kulisikia. Mimi sipendi kumaliza kipindi yeye akiwa ndiye aliyeshinda, kwa hiyo ninaendelea mpaka atii, na hapo ndipo muda unaporefuka. Siku hizi akiona tandiko ananigeuzia makalio. Je, nipunguze muda, au nikipunguza nitakuwa nimemfundisha kwamba ukaidi una faida? Ningeomba majibu ya haraka, kwa kuwa muda nilio nao si mwingi.

Hatamu_Nyepesi:
Ndugu, kwa farasi anayeanza, dakika 20 hadi 30 za kujifunza zinatosha, na ndani ya hizo usihesabu matembezi ya kupasha mwili moto mwanzoni wala ya kumpoza mwishoni. Farasi hufundishwa na ile nafuu anayoipata unapoacha kumbana. Urefu wa kipindi peke yake haumfundishi kitu. Mguu wako ukigusa ubavu naye akapiga hatua, uondoe papo hapo. Ukichelewa sekunde chache tu, atakuwa ameshafanya jambo jingine, labda kutikisa kichwa au kusimama, na ataamini kwamba hilo ndilo lililomletea nafuu. Sasa fikiria mtu aliyechoka baada ya saa nzima juu ya tandiko, ni mara ngapi atachelewa hivyo. Huo unaouita ukaidi huenda ni masomo yako mwenyewe, yaliyoingia kwa mpangilio usioutaka.

Na siku sita ni nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba farasi waliofundishwa mara moja kwa wiki walihitaji vipindi vichache zaidi kulielewa somo kuliko wale waliofundishwa kila siku. Sisemi ufundishe mara moja kwa wiki. Ninachosema ni kwamba siku ya mapumziko haipotei bure.

Saisi_Mstaafu:
Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Niliwahi kumtunza dume mmoja aliyehasiwa, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, ambaye alikuwa akitembea na wageni vilimani tangu asubuhi hadi jua kichwani, na alirudi bandani akiwa na hamu ya kula na macho maangavu. Ukimtia ndani ya uwanja na kumzungusha kwenye duara, robo saa haipiti kabla hajaanza kuuma lijamu, kile chuma cha mdomoni. Kwa hiyo usihesabu dakika peke yake, uliza ni dakika za kazi gani. Mwendo wa hatua kwenye njia iliyonyooka humchosha kidogo sana. Duara dogo kwenye kamba ndefu, kwa telki (mbio ndogo) au kwa shoti (mbio kubwa), hukandamiza viungo vya miguu kwa upande mmoja, na mimi huko sikuwahi kuvuka dakika 15 hadi 20, tena nikibadilisha upande mara kwa mara.

Yule dume alipozeeka alihamia kwa mtu mwingine, na mpaka leo nikiona farasi mweusi barabarani ninamtazama kwanza paji la uso.

Mama_Kwato:
Mlezi, umetueleza dakika, siku, mkia na masikio. Hukutueleza farasi ana umri gani.

Mlezi_Mpya:
Mama, shikamoo. Aliyeniuzia alisema ametimiza miaka minne. Ni mkubwa wa mwili, kifua kipana, na hakuna anayemtazama akamwita mtoto. Swali langu lakini ni la muda wa kipindi.

Mama_Kwato:
Marahaba. Umri ndio unaojibu swali la muda. Mfungue mdomo taratibu, utazame meno ya mbele, kisha utuandikie unachokiona.

Mwenda_Pole:
Wakati tunasubiri meno, niseme neno moja. Mnyama hakuomba kupandwa. Anayemlazimisha kiumbe asiyeweza kusema atambue kwamba kiburi cha kutaka kushinda kila siku ni cha mpandaji. Hilo la kusema hupendi yeye ndiye ashinde limeniuma.

Mlezi_Mpya:
Nimetazama. Juu na chini, meno mawili ya katikati ni makubwa, mapana, yenye rangi ya njano hafifu, na bado hayajasuguana vizuri. Yale ya pembeni yote ni madogo, meupe, yamebonyea karibu na fizi.

Kabla hamjanishambulia, niwaeleze hali ilivyo. Kuna familia iliyokwisha kunipa arubuni. Wanamtaka kwa ajili ya binti yao anayeanza kujifunza kupanda, na tumekubaliana nimkabidhi kabla ya mwisho wa mwezi. Ahadi ni deni. Isitoshe, farasi wa mashindano ya mbio hukimbia wakiwa na miaka miwili na dunia nzima inawatazama, sasa kwa nini wangu asifanye kazi ya polepole kwa saa moja na robo?

Mama_Kwato:
Meno hayo ni ya farasi wa takriban miaka miwili na nusu. Meno mawili ya katikati hubadilika karibu na umri huo, yanayofuata karibu na miaka mitatu na nusu, na ya pembeni kabisa karibu na minne na nusu. Farasi wa miaka minne angekuwa ameshabadilisha jozi mbili juu na jozi mbili chini. Aliyekuuzia hakukwambia kweli, ama yeye naye hakuijua.

Kuhusu farasi wa mbio, mfano wako unakupinga. Wale hupandwa na watu wepesi, kazi yao ya kasi ni ya dakika chache, na sehemu kubwa ya siku iliyobaki hawana mtu mgongoni. Mifupa michanga hunufaika na kazi fupi iliyopimwa, kwa hiyo simwambii mtu amwache farasi wake amesimama tu zizini. Hatari ni kurudia jambo lilelile mwili ukiwa umechoka. Sehemu laini za ukuaji wa mfupa zilizo juu kidogo ya goti la mbele hufunga, yaani hugeuka mfupa mgumu, karibu na miaka miwili na nusu, lakini zile za uti wa mgongo, ambako ndiko unakokalia wewe, huendelea hadi miaka mitano na zaidi. Moyo na misuli hupata nguvu upesi, ila kano na mifupa huchukua miezi mingi kuzoea. Ndiyo maana farasi anaweza kuonekana ana pumzi tele, huku mguu wake haujawa tayari.

Mfuatiliaji:
Samahanini, mimi naona tunachezewa. Mtu aje na swali la dakika, kisha polepole zitokee habari za umri wa uongo, arubuni, binti na tarehe ya mwisho, kila kimoja kikija pale tu mjadala unapopoa. Mtu anayeweza kumfundisha farasi kugeuka kwa mguu hawezi kukosa kujua namna ya kusoma meno. Hiki ni kisa kilichotungwa ili watu wagombane.

Saisi_Mstaafu:
Ndugu Mfuatiliaji, nimefanya kazi na wapandaji hodari ambao hawakuwahi kufungua mdomo wa farasi hata mara moja, kwa sababu kazi hiyo waliniachia mimi. Lakini si vibaya mwenyewe ajieleze.

Mwenda_Pole:
Hata kama kimetungwa, wapo wanaosoma kimya ambao jambo hili ni lao.

Mlezi_Mpya:
Sijatunga chochote, na sioni kwa nini nitangaze mikataba yangu kwa watu ambao sijaulizwa nao. Mnataka uthibitisho, basi huu hapa. Leo asubuhi nilimpapasa mgongoni. Nyuma ya bega la kushoto, pale linapokaa tandiko, kuna mahali penye ukubwa wa kiganja ambapo manyoya yamesuguliwa na kukatika, na ngozi ina joto kuliko upande wa kulia. Nikibonyeza hapo kwa vidole viwili anauzamisha mgongo chini na kunitupia kichwa. Mtu akitunga, atunge hayo?

Mfuatiliaji:
Nimekusoma. Suala la kutungwa naliondoa.

Hatamu_Nyepesi:
Basi swali la muda limejijibu: kwa sasa, chini ya tandiko, muda ni sifuri. Anayeuzamisha mgongo namna hiyo anaumia, na kama anaumia, hayo makalio anayokugeuzia ndiyo lugha aliyo nayo. Usimpande mpaka daktari wa mifugo amwone, na hilo tandiko likaguliwe na mtu anayejua namna linavyopaswa kukaa.

Daktari akikubali, unaweza kuendelea kumfundisha ukiwa chini kwa miguu yako, dakika 15 hadi 20: kusimama, kurudi nyuma, kupita juu ya gogo lililolala. Pima na mapigo ya moyo. Tafuta mshipa chini ya taya, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Akiwa ametulia, farasi aliyekomaa huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na mchanga anaweza kuzidi kidogo. Yakiwa juu naye amesimama tu bila kazi, mwambie daktari.

Mlezi_Mpya:
Tandiko nimelitoa, na daktari atakuja kesho kutwa. Kuhusu tarehe ya kukabidhi, sijaona sababu ya kuivunja. Farasi anaweza kwenda kwao akaendelea kukua huko huko. Nimeanza kuiandikia familia barua ya kueleza umri wake, ila bado sijaituma.

Mama_Kwato:
Binti hajui kupanda, na farasi hajui kupandwa. Ukiwakutanisha hao wawili, hakuna kati yao atakayemfundisha mwenzake, na atakayeanguka ni mtoto. Arubuni hurudishwa. Andika wazi kwenye barua kwamba meno yanaonyesha miaka miwili na nusu na kwamba mgongo una jeraha, kisha itume leo, kabla daktari hajafika, ili wenyewe wapate nafasi ya kuwepo siku hiyo na kumuuliza maswali yao.