Naomba ushauri: kichwa cha treni kinazimika pale reli zinapogawanyika

Ndugu wanachama, salaam. Klabu yetu hapa Uingereza huendesha treni za mfano kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye reli za upana wa milimita 16.5 na umeme wa volti 12. Kichwa changu kidogo chenye magurudumu manne hutembea vizuri, lakini kikifika pale reli zinapogawanyika, juu ya kile kipande cha plastiki kisichopitisha umeme, huzimika ghafla mpaka nikisukume kwa kidole mbele ya watoto waliokuja kutazama, jambo linaloniumiza sana. Nimesafisha reli na magurudumu kwa spiriti bila mafanikio, ilhali vichwa virefu vya wenzangu hupita bila shida.

Je, hapo reli zinapogawanyika niweke njia yenye kipande cha chuma kilichofungwa waya wake badala ya kile cha plastiki, au inatosha kukiunganisha kichwa kwa waya na behewa ambalo magurudumu yake pia huchukua umeme?