Cadillac 1959, Lincoln Continental au Bel Air 1957: nichukue ipi?

MpendaV8
Wakuu, salaam. Huu mwaka wa tisa niko Michigan, Marekani. Kila Agosti naenda Woodward Avenue kutazama magari ya zamani yakipita kutwa nzima, na kila mara narudi nyumbani moyo nimeuacha kulekule. Sasa nimepania kununua langu. Nataka kubwa, la V8 (injini ya silinda nane), nipande na mke wangu na watoto watatu. Nimebakiwa na hayo matatu. Gereji yangu ina urefu wa mita 6.

Fundi Babu
Mwanangu, chukua Bel Air, hiyo ya Chevrolet. Spea zake zinatengenezwa mpaka leo, hata bodi nzima mpya unaipata. Injini yake ya inchi za ujazo 283 fundi yeyote wa huko anaijua. Ina mita 5.08 tu, utaizunguka gerejini bila shida.

Pezi59
Shikamoo Babu, ila kijana kasema anataka kubwa. Cadillac ya 1959 ina mita 5.7 na injini ya lita 6.4. Na yale mapezi ya nyuma, kama ya samaki! Yalianza madogo mwaka 1948, watu wa Harley Earl, mkuu wa wachoraji wa General Motors, kampuni mama ya Cadillac, walipoiona ndege ya kivita P-38 wakavutiwa na mkia wake. Mwaka 1959 ndipo yalipofika kilele, na zile taa nyekundu mbilimbili zilizochongoka kama risasi. 1960 wakayashusha. Hakuna gari jingine linalonisimamisha barabarani namna hiyo. Tatizo ni kromu: ikichakaa, kuipaka upya ni pesa nyingi, na bampa zile ni kubwa mno.

Mama Zuhura
Kaka, mimi na mume wangu tunayo Lincoln, mwaka wa sita huu. Haina mapezi wala madoido. Elwood Engel aliichora mistari iliyonyooka, na mpaka leo ukiiegesha kando ya gari jipya haionekani imezeeka. Milango ya nyuma bawaba zake ziko nyuma, bibi yetu anaingia kama anakaa kwenye kochi la sebuleni. Kwa safari ndefu sijapanda gari tulivu kama hili.

Usikimbilie ya 1961, ile ya kwanza ya umbo hili, tafuta 1965. Kuanzia 1964 waliirefusha, miguu ya nyuma ikapata nafasi, na 1965 zikaja breki za diski mbele. Kusimamisha tani mbili na ushee kwa breki za ngoma, tena una watoto ndani, mimi singependa. Na usichukue ya turubai. Paa lile linakunjwa na mota, haidroli na rilei (swichi za umeme) chungu nzima. Jirani yetu analo, kiangazi chote kilimpita anatafuta waya mmoja. Chukua yenye paa la bati.

MpendaV8
Dada, umenigusa hapo kwenye watoto. Nimeona moja ya 1965, nyeusi, iko Ohio.

Fundi Babu
Ohio wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu. Lincoln hiyo haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu ikiliwa na kutu gari limekwisha. Iinue, inua na mazulia, nenda na sumaku: isiposhika, hapo pamezibwa kwa pati, si bati. Na uweke mikanda ya usalama kwenye viti vya nyuma kabla mtoto hajakaa.