Kuazima Cessna 172 Mtwara: bima kubwa ya mwenyewe inamkinga anayeazima?

Mikindani_Mjini
Wakuu, salaam. Cessna 172 ya mtu binafsi, inalala kwenye hangari la kupanga hapa uwanja wa Mtwara. Mwenyewe ameikatia bima kubwa: mwili wa ndege, abiria na watu wa nje. Anaruhusu iazimwe wikiendi, Mtwara hadi Kilwa Masoko na kurudi. Rubani anayeazima ana leseni binafsi na saa 140 za kuruka. Ikiharibika mikononi mwake, bima ya mwenyewe inamlinda? Na ikiharibikia hangarini, nani analipa?

Bawa_Juu
Mkuu, usiifananishe na bima ya gari. Kwenye ndege kampuni inataka kujua rubani ni nani. Fungua kipengele cha marubani kwenye mkataba: utakuta ama majina, ama sharti la jumla, yaani leseni fulani, saa kadhaa kwa jumla na saa kadhaa kwenye aina hiyohiyo ya ndege. Wakiandika saa 200 na rubani ana 140, ndege imeruka bila bima. Hata mwenye ndege halipwi.

Tuseme amekidhi. Hapo ndipo wengi wanajikwaa: kuruhusiwa kurusha si kukingwa. Kampuni itamlipa mwenye ndege, kisha itachukua nafasi yake na kumdai rubani aliyezembea. Kwa hiyo nyongeza ya mkataba iseme mambo mawili: rubani ameingizwa kama mkingiwa kwenye dhima (madai ya watu wengine waliodhurika), na kampuni imeachia haki ya kumdai fedha iliyolipa kwa ajili ya ndege. Barua ya mwenye ndege kwamba amemruhusu haifanyi kazi hiyo. Mwombaji ni mwenye ndege kupitia dalali wake. Andaeni nakala ya leseni, cheti cha afya na kurasa za mwisho za kitabu cha saa. Asubiri nyongeza yenyewe mkononi. Ahadi ya simu haimlindi.

Njia ya pili ni rubani kukata bima yake ya kurusha ndege za watu. Angalizo: bima hiyo ya msingi ni ya madhara kwa wengine tu. Uharibifu wa ndege iliyoazimwa huongezwa kwa malipo ya ziada.

KoroshoGhafi
Muulize pia mwenyewe ameiandikisha kwa thamani gani, maana watu hupunguza ili walipe kidogo. Mfano: sokoni ina thamani ya dola 90,000, kaiandikisha 50,000. Matengenezo yakifika 40,000, kampuni inaweza kuona nafuu kumlipa 50,000 yote na kubeba mabaki, iyauze. Ndege iliyokuwa inatengenezeka imeondoka, na pengo la 40,000 ni lake.

Eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo kampuni hailipi, nayo mara nyingi ni mbili: ndogo ndege ikiwa imesimama, kubwa ikiwa inatembea au inaruka. Kubalianeni kwa maandishi nani ataibeba. Pangaboi likigusa ardhi injini ikiwa inazunguka, usihesabu bei ya pangaboi peke yake. Injini lazima ifunguliwe na kukaguliwa, na hapo ndipo hela inakokwenda. Injini ikifa yenyewe kwa uchakavu, hiyo hailipwi.

Kikwetu_Lindi
Kuhusu hangari: bima ya mwenye hangari inalipa pale kosa likiwa lake, mfano wafanyakazi wake wameivuta ndege bawa likagonga nguzo. Paa likiezuliwa na upepo, si kosa lake. Hapo inabeba bima ya mwili wa ndege, hata ile ya bei nafuu ya hatari za ardhini tu. Someni mkataba wa kupanga kabla ya kusaini. Kukiwa na kipengele cha kumsamehe mwenye hangari madai yote, mmeinyima kampuni yenu haki ya kumdai, na inaweza kugoma kulipa. Ipelekeni nakala mapema.

Kutu ndiyo msisahau, kwa hewa hii ya chumvi. Bima haiilipi, iwe hangarini au nje. Na ikilala nje Kilwa, ifungwe kamba tatu, mabawa mawili na mkia, na usukani ukazwe. Kamba zilizooza ni sababu tosha ya kubishaniwa madai.

Mikindani_Mjini
Shukrani sana wakuu. Na akivuka Ruvuma kwenda Pemba ya Msumbiji? Na mnunuzi wa korosho akitaka lifti ya Nachingwea kwa malipo?

Bawa_Juu
Pemba: angalia mipaka ya nchi kwenye mkataba. Hata Msumbiji ikiwemo, vita na ugaidi huondolewa kwenye bima ya kawaida, na Cabo Delgado, mkoa ulipo mji huo wa Pemba, ina mapigano tangu 2017. Kinga hiyo hununuliwa pembeni, na kampuni ielezwe kabla ya safari.

Mnunuzi wa korosho: akishalipa nauli, hiyo ni biashara. Inahitaji kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na bima ya matumizi binafsi haimo tena. Msimu ukifunguliwa Oktoba watakuja wengi na bahasha, wapande basi.