Tumelingana pointi na mdogo wangu FPL, bingwa ni nani?

KakaMkubwa: Wakuu, naomba mniamulie. Kwetu tuko wanne, mimi kifungua mimba, na ligi yetu ya FPL, ule mchezo wa mtandaoni wa kuunda timu ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, niliianzisha mimi. Msimu wa 2024/25 umeisha, mimi na kitinda mimba wetu tuko 2,391 kwa 2,391, na jedwali limemweka yeye juu! Tulipatana tangu mwanzo: atakayeshindwa anamwamkia bingwa shikamoo mpaka msimu mpya uanze. Nimempita miaka kumi na moja. Huyu mtoto nimembeba mgongoni.

Kinachoniuma zaidi, binti mwenyewe hafuatilii mpira. Agosti alimpa Salah wa Liverpool ukapteni (pointi za kapteni huhesabiwa mara mbili), basi, ukapteni huo hakuugusa tena mpaka Mei. Mimi kila Ijumaa nakesha nasaka nani kaumia, nani anapumzishwa. Kuna wiki nilipiga hiti ya pointi 8, yaani nilikatwa pointi kwa kusajili kupita idadi ya bure, kuingiza washambuliaji wawili. Mmoja akaanzia benchi, akaingia dakika ya 88, akaniletea pointi moja. Na beki niliyemtoa akafunga kwa kichwa siku hiyohiyo. Nilizima simu.

Si haki tugawane ubingwa?

BenchiLaDhahabu: Hakuna kugawana, mkuu. Pointi zikilingana, aliyesajili mara chache ndiye anakaa juu. Wewe umesajili wangapi?

KakaMkubwa: 43. Yeye 17. Lakini nilitumia waildikadi mbili, zile chipu za kusajili utakavyo bila kukatwa pointi, hao watolewe kwenye hesabu.

BenchiLaDhahabu: Wa waildikadi huwa hawahesabiwi kabisa. Hao 43 ni wa nje ya waildikadi 😂

KapteniMsaidizi: Ati hafuatilii mpira. Salah kamaliza na pointi 344, kacheza mechi zote 38. Ukapteni wa msimu mzima ni 688 hizo, bila jasho. Huyo dada alitumia chipu ya kapteni mara tatu, ile ya kuzidisha pointi za kapteni kwa tatu wiki moja?

KakaMkubwa: Hakutumia chipu hata moja. Hajui hata ziko wapi.

KapteniMsaidizi: Basi shukuru Mungu, maana angeibonyeza hata wiki mbovu usingekuja kuuliza hapa. Na wewe hiti zimekula ngapi jumla?

KakaMkubwa: 36.

KapteniMsaidizi: Thelathini na sita! Halafu unalilia sare.

NusuPacha: Pole kaka. Mimi na pacha wangu tuliikimbia ligi ya kujumlisha kwa ugomvi kama huu, tukahamia ya ana kwa ana: kila wiki mechi, ukishinda 3, sare 1. Zamani tulikuwa tunanuniana mara moja kwa mwaka, mwezi Mei. Siku hizi tunanuniana kila wiki. Usihamie huko.

BenchiLaDhahabu: KakaMkubwa, tuletee mrejesho. Umeamkia?

KakaMkubwa: Nimeamkia, mbele ya Mama. Kaitika "marahaba mjukuu wangu," hakuinua hata macho kwenye simu.