Washauri wa watu wenye kiwewe hujitunzaje?

Mshauri, Ilala:
Habari zenu, wenzangu. Ninatoa ushauri nasaha kwa wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili, na siku hizi simulizi zao hunifuata hadi ndani ya daladala, kiasi kwamba mwanangu akichelewa kurudi kutoka shuleni, ninaona picha za yale niliyosimuliwa. Ninyi mnajitunzaje?

Mama wa Kigamboni:
Pole sana, dada yangu. Hali hiyo wanasaikolojia McCann na Pearlman waliieleza mwaka 1990: kusikiliza kiwewe cha wengine hubadilisha polepole namna mshauri anavyouona usalama na anavyowaamini watu, kwa hiyo usijilaumu. Mimi baada ya kila mteja hufunga jalada, hunawa uso na kutoka nje kidogo, na jioni huzima simu nikiwa kwenye kivuko.

Mzee, Upanga:
Mapumziko ni ya lazima, lakini hayatoshi pale ratiba inapojaa kesi za ubakaji kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwombe mkuu wako akuchanganyie kesi nzito na nyepesi, na umtafute mshauri mwenye uzoefu ambaye utamweleza kinachokuelemea bila kutaja majina ya wateja. Picha hizo zikiendelea kukukosesha usingizi, mwanangu, nenda nawe ukatibiwe.