Tumehamia Mombasa na mbwa kutoka Arusha: joto, kupe, maji ya chumvi na majirani wa ghorofani

Nyota_wa_Meru

Habarini wadau wa Mombasa. Mimi na mume wangu tumehamia Bamburi kikazi, na tumekuja na mbwa wetu: dume, chotara wa German Shepherd, miaka minne, kilo 28. Tunakaa ghorofa ya pili, hatuna ua, ila kuna roshani ndogo upande wa magharibi na ndiko anakolala. Chanjo zake hazijaisha na karatasi za mpakani tunazo.

Usiku anahema ulimi nje hata feni ikiwaka. Kupe tunamwogesha dawa, siku ya tatu wamerudi, na sasa tunawaona wakipanda ukutani. Maji ya bombani yana chumvi, hatujui kama ni salama kwake. Ngazi ni moja kwa wote na majirani wengi ni Waislamu, hatutaki kumkwaza mtu. Tunampikia wenyewe, ugali na dagaa, kwa kukisia tu. Na ufukweni apelekwe saa ngapi? Hata ukijua jibu la swali moja tu, tafadhali andika.

VetPwani

Karibuni Mombasa, dada. Naanza na kupe, maana kati ya yote uliyoyataja hao ndio wenye kuua kimyakimya.

Hao wa ukutani ni kupe wa kahawia wa mbwa. Huyu ameizoea nyumba, anaweza kuzaana ndani ya fleti bila kukanyaga nyasi hata siku moja. Hula damu mara tatu maishani: akiwa mdogo wa miguu sita, akiwa wa makamo, na akiwa mkubwa. Kila akishiba hudondoka na kujificha. Jike aliyeshiba hutambaa juu, hutafuta ufa na kutaga humo mayai yanayoweza kufika 4,000. Kwa joto la hapa, kutoka yai hadi yai ni kama miezi miwili au mitatu. Sasa mkimwogesha mnaua walio mwilini tu, na walio wengi wako kwenye nyumba wakingoja zamu yao.

Kwa hiyo nyumba na mbwa vitibiwe siku moja. Kwa mbwa wa kilo 28, rahisi zaidi ni kidonge cha kutafuna cha fluralana, jina la dukani Bravecto, saizi ya kilo 20 hadi 40 yenye miligramu 1,000. Apewe pamoja na chakula, si tumbo tupu, la sivyo dawa hainyonywi vizuri. Kinashika wiki 12. Kupe lazima aume ndipo afe, basi msishtuke mkiona wachache wamemng'ang'ania siku za mwanzo. Kikiisha muda, mpeni cha pili hata kama hamuoni kupe tena, kwa sababu mkubwa ana uwezo wa kukaa miezi mingi bila kula.

Mkipenda kuendelea na dawa ya kuogeshea ya amitrazi, ile chupa ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, lakini soma kibandiko kwanza, nguvu za chupa hutofautiana. Makosa ni yale yale kila siku: mbwa anatoka kuoga sabuni, manyoya bado yana maji, dawa inamwagwa juu na kupungua nguvu, au anasuuzwa baadaye, au mchanganyiko wa wiki iliyopita unatumika tena. Mkaushe kwanza, mmwagie dawa mpya kwa sponji hadi ifike kwenye ngozi, katikati ya vidole na ndani ya ukingo wa masikio, kisha akauke kivulini bila kusuuzwa. Vaeni glavu.

Nyumbani, zibeni nyufa kwa saruji au pati, hasa pale ukuta unapokutana na dari, nyuma ya fremu za milango na chini ya dirisha la roshani. Godoro lake livuliwe foronya, ifuliwe kwa maji moto. Pulizeni dawa ya wadudu ya saipamethrini kwenye nyufa na kona, mrudie baada ya wiki mbili. Kupe mnaowaokota watieni kwenye kichupa cha spiriti, msiwaponde kwa vidole.

Na nasisitiza hili: dawa za mbwa zenye pamethrini huua paka. Mombasa kila ngazi ina paka wake. Msimpake mbwa dawa hiyo kisha mkamwacha alale mlangoni.

Dalili za kumleta kliniki siku hiyo hiyo: homa, kukataa kula, ufizi uliopauka, kutokwa damu puani, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Ugonjwa wa erlikia, unaoletwa na kupe hao, hutibiwa kwa doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, siku 28 mfululizo, kwa hiyo huyu wenu ni miligramu 280. Watu wengi huacha siku ya saba wakiona amechangamka, na ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Lakini apimwe damu kwanza. Mkojo mwekundu mara nyingi ni babesia, ugonjwa mwingine wa kupe, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Kijana_Mtopanga

Hizo zote ni gharama za bure. Nenda duka la dawa za mifugo, chukua ivermektini ya ng'ombe, mdunge. Ama mpake oili chafu ya gari, kupe kwisha.

VetPwani

Ndugu yangu, hapana. Ivermektini ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita moja. Ukivuta kwa macho unampa mbwa dozi kubwa mno kupita kiasi. German Shepherd ni miongoni mwa aina ambazo baadhi yao wana kasoro ya kurithi inayoiachia dawa hiyo iingie kwenye ubongo: anayumba, anapofuka, anaweza kuzimia na kufa. Na bado kupe wa kahawia hawamalizi.

Oili chafu ina vyuma na kemikali za injini. Mbwa huilamba. Inaunguza ngozi, inaumiza ini na figo.

BintiKibokoni

Dada Nyota, hilo la majirani nakushukuru kwa kuliuliza mapema, maana wengi huuliza baada ya ugomvi.

Waislamu wa pwani hii kwa wingi ni wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa mchanga. Lakini kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Shikeni hapo, ndipo penye jibu la ngazi. Mbwa mkavu akipita hana tatizo kubwa. Mbwa aliyeloa mvua, au pua na mdomo wake vikifika kwenye buibui au kanzu ya mtu, hapo umemharibia swala yake. Basi wekeni taulo mlango wa chini, mmkaushe kabla ya kupanda, na kamba iwe fupi, mbwa aende upande wa ukuta na wewe uwe upande wa watu. Mkisikia mtu yuwashuka, simameni kwenye kituo cha ngazi, mbwa akae chini, mtu apite kwanza.

Msimpandishe juu ya paa penye kamba za nguo na majamvi, wala karibu na tangi la maji. Epukeni kutoka naye wakati watu waenda msikitini, hasa magharibi na Ijumaa adhuhuri. Akiramba kitu cha jirani kwa bahati mbaya, mwambieni mwenyewe wazi, msikifute kwa kitambaa mkanyamaza. Na mgeni akija kwenu, afungiwe chumbani kabla hamjafungua mlango.

Mbwa wa ulinzi yuwaruhusiwa kufugwa, kwa hiyo hakuna atakayewashangaa kwa kuwa naye. Watu huchukizwa na mbwa asiyezuiliwa.

Maji: yanayotoka hapo huenda ni ya kisima. Kanuni ni nyepesi, asinywe msiyoyanywa nyinyi. Nunueni mtungi wa lita 20 wa maji matamu. Kumwogesha kwa maji ya kisima si vibaya, ila chumvi ikikaukia mwilini hujikuna mpaka atoke vidonda, basi mwisho mmwagieni lita nne au tano za maji matamu na mkaushe masikio kwa pamba.

VetPwani

Naongezea hapo kwa Binti: mbwa wa kilo 28 hunywa lita moja na nusu hivi kwa siku ya kawaida, na Januari hadi Machi anaweza kupita hapo sana. Wekeni bakuli mbili, akiangusha moja asikae na kiu mkiwa kazini.

Kuhusu kuhema usiku. Mbwa hatoi jasho mwilini, hujipoza kwa kukausha unyevu wa ulimi na koo. Hewa ya hapa tayari imejaa unyevu, kwa hiyo kuhema hakumletei nafuu aliyoizoea Arusha. Feni nayo ikipuliza mbwa mkavu haimpozi sana. Mlowesheni tumbo, kwapa na nyayo, ndipo feni ifanye kazi. Taulo bichi liwe chini yake, msimfunike nalo, likimkaa mgongoni hufungia joto ndani. Na mwondoeni kwenye hiyo roshani: ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri kisha hutoa joto hilo usiku kucha. Alale sakafuni kwenye vigae, upande wa dirisha linaloelekea baharini. Kaskazi na kusi zote mbili hutokea upande huo.

Msimnyoe. Manyoya ya German Shepherd yana tabaka mbili, mchaneni kila siku mbili mtoe la ndani lililokufa. Mwili wake utachukua wiki kadhaa kuzoea, kwa sasa mazoezi yapunguzwe.

Nunueni kipimajoto cha dijitali, kipakwe mafuta ya mgando, kiingizwe njia ya haja kubwa sentimita mbili hivi. Kawaida ni 38.3 hadi 39.2. Akipita 40 akiwa amepumzika, mna shida. Akifika 41, au anatapika, anayumba, ufizi umekuwa mwekundu sana, mmwagieni maji ya bomba mwili mzima hapo hapo huku mkimpepea, ndipo mtafute gari. Kumkimbiza kliniki akiwa bado anaungua ni kupoteza dakika zinazookoa ubongo. Acheni kumwaga ikishuka 39.5. Stima ikipotea, ndoo ya maji na kipepeo cha mkono vinatosha kuanzia.

Ufuo_Shanzu

Ufukweni: saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, au jua likishazama. Mchana mchanga na lami huunguza nyayo. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, yeye asitembee.

Angalieni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, alfajiri maji bado yako juu na ufuo ni mwembamba, mtasongwa na watu na mawimbi. Maji mafu, siku za mwezi nusu, ni rahisi zaidi. Pale Pirates, ufuo wa umma wa Bamburi, wikendi hapafai mbwa hata kidogo, watoto ni wengi mno.

Hatari kubwa ni bunju aliyetupwa na maji au na wavuvi. Ni samaki wa kujifura, ngozi ngumu, meno kama mdomo wa kasuku. Sumu yake haiishi akifa wala akikauka juani, na haina dawa ya kuipinga. Mbwa akilamba au kutafuna, hulegea miguu kisha pumzi hukata. Mkimbizeni kwa daktari asaidiwe kupumua, msingoje dalili. Kwa sababu hiyo mbwa awe kwenye kamba, na mkiona anaokota vitu, mvalisheni kifunga mdomo cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa.

Bebeni nusu lita ya maji matamu, mpeni kila robo saa. Akinywa ya bahari atahara, na akinywa mengi chumvi hupanda kwenye damu hadi degedege.

Kuhusu usafiri, tuktuk wengi hukubali mkipatana mapema na mkija na shuka. Akae sakafuni katikati ya miguu yenu. Matatu msahau.

Sima_na_Dagaa

Chakula. Kwa kilo 28, mbwa wa ndani asiyekimbia sana, kwa siku nzima: gramu 150 za unga kabla ya kusongwa, gramu 400 za matumbo au nyama mbichi ipimwe kisha ichemshwe, gramu 40 za dagaa wakavu waliosagwa na mifupa yao, kijiko kimoja cha mafuta, na sukuma au malenge kiasi cha konzi. Gaweni mara mbili, asubuhi mapema na usiku. Mchana wa joto asile, usagaji wa chakula nao huongeza joto. Dagaa walotiwa chumvi walowekwe kwanza, maji yamwagwe. Hakuna kitunguu, hata cha kukaanga, wala mifupa iliyopikwa.

Matumbo na maini yachemke hadi ndani. Mabichi yana vifuko vya minyoo inayomwingia mbwa, na mayai yake humhamia binadamu. Dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kila miezi mitatu.

Unga ndio mtego wa Mombasa. Unyevu huleta ukungu, ukungu huleta aflatoksini, na sumu hiyo haifi kwa kupikwa. Huharibu ini la mbwa kabla hujaona chochote. Nunueni kilo mbili mbili, ndoo yenye kifuniko kinachobana, na ukinusa uvundo tupa wote. Vyakula vikavu vinavyopimwa kutoka gunia lililo wazi dukani viepukeni kwa sababu hiyo hiyo. Na bakuli litolewe baada ya robo saa, kunguru wa hapa huingia mpaka jikoni.

Nyota_wa_Meru

Asanteni sana nyote. VetPwani, tumempaka amitrazi juzi. Tungoje kabla ya kidonge? Na aliwahi kupata degedege mara moja akiwa mtoto, ni muhimu kusema?

VetPwani

Ni muhimu kuliko yote uliyouliza, dada. Fluralana na dawa za kundi lake zinaweza kuleta degedege kwa mbwa mwenye historia hiyo, basi kidonge kisimame kwanza. Nendeni kliniki na kadi yake, mweleze ilitokea akiwa na umri gani, ilidumu muda gani, na kama siku hizo alikuwa na minyoo au homa ya distempa. Kwa sasa bakini na amitrazi kila baada ya wiki mbili, na nguvu zenu ziende kwenye nyumba: nyufa, foronya, saipamethrini. Baada ya kila kuogeshwa mwangalieni saa 24. Akilala kupita kawaida na mapigo ya moyo yakawa ya polepole, amezidiwa na dawa. Mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mumpeleke.