Vitz yangu inatembea km 2 tu kwenda kazini, chini ya mfuniko wa oili nimekuta uji

Muuguzi_Njombe:
Wakuu habari za jioni. Nina Vitz ya 2006, ile ya pistoni tatu. Kutoka nyumbani hadi wodini ni km 2 kasoro kidogo. Naenda asubuhi, narudi saa saba kumnyonyesha mtoto, naenda tena, narudi jioni. Safari nne kwa siku, hakuna inayozidi dakika sita. Na msiniambie nitembee kwa miguu. Njooni Njombe mwezi huu wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, halafu tuongee.

Jumamosi nimefungua mfuniko wa kuwekea oili nikakuta ute umeganda kwa ndani, rangi ya chai ya maziwa. Nimeupitisha kidole, unateleza kama losheni. Nikachomoa kijiti cha kupimia: oili ni nyeusi ya kawaida, ila imepita alama ya juu kama milimita tatu. Sijaongeza hata tone. Tangu lini oili ikazaliana?

Fundi alichungulia mara moja tu, akasema gasketi ya silinda hedi imekufa, maji yanaingia kwenye oili. Kufungua hedi, kuisawazisha, gasketi na ufundi: 650,000. Lakini gari haichemshi, wala haijaniishia nguvu. Kibandiko cha gereji kinasema nimwage oili nikitembea km 5,000, na tangu Aprili mwaka jana nimetembea 2,900. Kwa hesabu hiyo si bado ina umri?

Dereva wa Mbagala:
Hiyo ni gasketi, dada. Yangu ilianza hivyohivyo, nikajifanya sioni, mwisho nikavutwa kwa kamba kutoka Kongowe. Toa hela mapema.

Spana_14:
Mbagala tulia kwanza, yako ilikuwa inachemsha, ulisema mwenyewe kwenye uzi mwingine.

Dada, usifungue hedi bado. Petroli ikiungua inazaa maji. Lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji, ila yanatoka yakiwa mvuke. Sehemu kubwa inapitia ekzosi, ndiyo maana asubuhi bomba linadondosha matone. Mvuke kidogo unapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Injini ikishika moto sawasawa, ile valvu ndogo ya kupumulia inaunyonya mvuke huo na kuurudisha ukachomwe. Injini ikiwa baridi, mvuke unaganda kwenye chochote cha baridi, na mfuniko wa oili uko juu kabisa. Yanakuwa maji, yanakorogwa na oili, ndiyo hiyo losheni yako.

Oili kupanda nako kuna sababu. Injini ya baridi inamwagiwa petroli nyingi ili isizime. Inayobaki bila kuungua inateremka kwenye ukuta wa silinda hadi chini. Nusa kijiti utaniambia. Mtu anayekwenda mbali, petroli hiyo inapaa njiani. Wewe unaongeza mara nne kwa siku na hupunguzi hata siku moja.

Tena maji ya rejeta yanawahi kupata moto kuliko oili. Ile taa ya bluu kwenye dashibodi ikizimika, maji yameanza kupata uvuguvugu, oili bado sana.

Sasa pima kabla ya kutoa 650,000. Asubuhi gari ikiwa baridi, bandika kipande cha plasta, si mnazo huko wodini, usawa wa maji kwenye kile kichupa cha rejeta. Angalia kila asubuhi kwa wiki. Yakishuka bila kuvuja chini, fundi wako ana hoja. Siku moja pia fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa BARIDI, washa, tazama kama mapovu yanatoka mfululizo; yakitoka, hapo pia fundi ana hoja.

Swali la mwisho. Ukienda mbali, hiyo taa ya bluu inazimika moja kwa moja, au ikifika mteremko inarudi?

Muuguzi_Njombe:
Nimenusa. Jamani, ni petroli kabisa, mume wangu kanusa naye akarudisha kichwa nyuma.

Kuhusu taa, umenishtua. Jumapili tulikwenda Makambako, karibu km 60. Ilizimika tulipotoka mjini, lakini kwenye mteremko ikawaka tena, mara mbili. Mimi nilijua ndivyo gari zilivyo.

Spana_14:
Nilitegemea hilo. Kuna mtu alishaitoa themostati?

Muuguzi_Njombe:
Miaka miwili iliyopita feni ilikufa gari ikachemsha. Fundi huyuhuyu alibadilisha feni, akatoa na themostati, akaniambia huku hatuihitaji, hiyo ni ya Wazungu wenye theluji.

Spana_14:
Njombe na theluji wanasalimiana kwa mbali tu 😂

Mafundi wetu wanaitoa kama vile ni uchafu. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, rejeta inapoza injini tangu sekunde ya kwanza. Dar utaishi nayo bila kujua. Wewe uliye kwenye baridi, na safari zako za dakika sita, injini haijapata moto sawasawa tangu siku hiyo. Rudisha themostati, mwaga oili na filta, weka 5W-30, oili nyepesi. Hiyo uliyonayo ni ipi?

Muuguzi_Njombe:
20W-50. Waliniambia gari ya zamani inataka nzito. Je, nikiiacha inanguruma dakika kumi kabla ya kuondoka itasaidia?

Spana_14:
Hapana, utaongeza petroli kwenye oili. Ikiwa imesimama inapata moto polepole mno. Washa, hesabu nusu dakika, ondoka taratibu bila kukanyaga sana. Na 20W-50 kwa asubuhi za huko inachelewa kupanda juu.

Nyahururu_KE:
Huku kwetu pia ni baridi, na duka langu liko kilomita moja na nusu kutoka nyumbani. Mimi sihesabu kilomita tena, nabadilisha oili kila miezi sita hata kama nimefanya elfu moja pekee. Jumapili napeleka gari Nakuru na kurudi. Mke wangu anadhani napenda sana Nakuru.

Muuguzi_Njombe:
Mrejesho baada ya wiki mbili.

Plasta haijasogea, maji yako palepale. Mapovu hakuna. Themostati na ufundi 45,000. Nilisimama pale wakati oili inamwagwa: haikutoka kwa kujivuta, ilichuruzika kama chai, gereji nzima ikanuka petroli. Mwishoni yakadondoka matone mawili matatu ya kijivu. Imeingia mpya, lita 3 na kidogo, nimeandika tarehe kwenye kibandiko badala ya kilomita.

Taa ya bluu sasa inazimika nikifika kwenye duka la dawa, kabla ya geti la hospitali. Jumamosi tumekwenda tena Makambako kununua mchele, mteremko mzima haikuwaka. Leo nimefungua mfuniko, bado kuna utando mwembamba pembeni, nimeufuta kwa pamba.

Yule fundi wa gasketi kanipigia jana kuuliza naleta lini gari.

Dereva wa Mbagala:
Ukampa jibu gani?

Muuguzi_Njombe:
Nimemwambia anirudishie themostati yangu ya zamani.